Sura ya Mama Kwenye Mkono wa Mume Wangu

Kabla sijashika mashine ya tatuu nilikuwa msusi. Saluni yangu ilikuwa Nyakahura, kando ya barabara kuu, chumba kimoja cha mabati kilichobanana na duka la vipuri vya pikipiki. Siku za gulio nilisuka tangu asubuhi mpaka vidole vikafa ganzi. Siku nyingine nilikaa mlangoni nikitazama malori ya Rwanda na Burundi yakipunguza mwendo kwenye matuta. Ni katika siku hizo za kukaa mlangoni nilipoanza kuangalia video.

Ya kwanza ilinijia yenyewe kwenye simu. Mzungu mmoja, sijui wa nchi gani, alikuwa anachora jicho kwenye mkono wa mtu. Mwanzoni ilikuwa mistari tu, kama mchoro wa mtoto. Kisha akaanza kuweka kivuli, pole pole, na lile jicho likaanza kuzama ndani ya ngozi, likapata kope, likapata unyevu, mpaka nikaona kama linataka kulia. Niliirudia video ile hadi bando likaisha.

Kuchora nilikuwa nakujua tangu shule ya msingi kule kwetu Murusagamba. Mwalimu wa sayansi alikuwa ananitoa darasani nikamchoree chati za moyo na mapafu ukutani. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuchora kunaweza kuwa kazi ya mtu, na mimi sikuuliza. Nilimaliza shule, nikajifunza kusuka, nikaolewa. Sasa nimepata mwalimu ambaye hanijui, anaongea lugha nisiyoielewa, na nilichoweza kufanya ni kumtazama mikono. Niligundua kwamba mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi ngumu. Unavuta ngozi, unaikaza kama ngozi ya ngoma, na wa kulia unapita juu yake bila kulazimisha. Niligundua pia kwamba hachori uso. Anachora giza lililo kando ya pua, giza lililo chini ya mdomo, na uso unajitokeza wenyewe.

Mume wangu alikuwa dereva wa bodaboda. Jioni alikuwa ananikuta nimeinamia simu, chakula kiko jikoni kinaungua.

"Unasomea udaktari?" aliniuliza siku moja.

"Nasomea kuchora watu."

Alicheka. Lakini hakuwa mtu wa kusikia jambo akaliacha lipite. Alizungumza na dereva wa lori aliyemzoea, na baada ya muda akaja nyumbani na boksi amelificha ndani ya koti. Ndani kulikuwa na mashine, sindano zilizofungwa moja moja, na chupa za wino mweusi. Akaliweka mapajani mwangu akasema, "Haya daktari, mgonjwa yuko wapi?"

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mgomba. Nilikwenda Murusagamba kumsaidia mama kupalilia, nikaibeba mashine. Kwenye shamba la mama nilibandua magamba ya mgomba uliokwisha kukatwa, nikayafuta utomvu, nikayachora. Gamba la mgomba ni laini na lina maji, ukizamisha sindano linakuambia papo hapo, linachanika. Nilichora macho mengi sana. Mama alikuja na jembe begani, akayakuta yamepangwa kwenye nyasi yakimkodolea.

"Haya ni nini?"

"Najifunza, mama. Baadaye nitachora kwenye ngozi za watu."

Mama alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, na Kiswahili chake hakijawahi kuzitofautisha sawasawa r na l. Aliyatazama yale macho kwa muda, akasema, "Sisi tulikuwa tunachola ng'ombe. Kwa moto. Ili akipotea ajulikane ni wa nani." Akaendelea na palizi yake. Nilidhani ananitania.

Kutoka kwenye mgomba nilihamia kwenye ngozi ya nguruwe, niliyokuwa napewa na muuza kitimoto aliye nyuma ya stendi. Kutoka kwa nguruwe nikaja kwenye paja langu mwenyewe. Nilichora jani dogo, nikazamisha sindano kupita kiasi, na wino ukatapakaa chini ya ngozi ukawa kama doa la mafuta kwenye karatasi. Bado ninalo. Ndilo lililonifundisha kina.

Lakini jambo kubwa zaidi hakuna video iliyonifundisha. Watu wote niliowaona wakichorwa kwenye simu walikuwa weupe. Kivuli chepesi cha kijivu kwenye ngozi yao kilionekana kama moshi. Nilipokiweka kwenye bega la mume wangu, kilipopona hakikuonekana kabisa, kana kwamba ngozi imekinywa. Kwenye bega hilo hilo nilimchora simba, akapona amekuwa kama mbwa aliyelowa. Alijitazama kwenye kioo cha saluni, akacheka mpaka akakaa chini.

"Huyu simba anaumwa," alisema. "Mpe dawa."

Hakuwahi kunigombeza. Alikuwa ananyoosha mkono anasema, "Jaribu tena, hapa pana nafasi." Nilijifunza juu yake. Nilijifunza kwamba ngozi yetu tayari ina rangi ya kati, kwa hiyo nisiihangaishe. Niweke weusi mzito pale penye giza, na penye mwanga niache ngozi yenyewe iangaze. Nilijifunza kutotumia wino mweupe, maana baada ya muda unageuka njano. Nilijifunza kuipumzisha ngozi kabla haijavimba, kwa sababu baadhi yetu tukiumizwa sana tunaota makovu yaliyoinuka. Kila nilichojifunza kiliandikwa kwenye mwili wake, makosa chini ya shati, mafanikio karibu na kiwiko.

Ndipo akaniletea picha ya mama yake.

Mama mkwe wangu sikumkuta. Alifariki mume wangu akiwa bado shule ya msingi, na picha pekee iliyobaki ilikuwa ile ya kitambulisho cha kupigia kura, ndogo kama kucha ya dole gumba, imefifia, kilemba kimefunika nusu ya paji la uso. Niliipiga kwa simu, nikaikuza, nikaichapisha kwenye duka la steshenari. Ilipokuzwa ikawa vidoti tu.

"Siwezi," nilimwambia. "Hapa hamna uso, kuna ukungu."

"Ukungu nitakuelezea mimi," alijibu.

Basi akakaa kwenye kiti cha wateja na akaanza kunielezea mama yake. Jicho la kushoto lilikuwa linalala kidogo kuliko la kulia. Alikuwa na kidoti juu ya mdomo. Akicheka alikuwa anauma mdomo wa chini kwa sababu alikuwa na pengo na hakutaka lionekane. Nilichora kwa penseli, akasema hapana. Nikafuta, nikachora, akasema shavu si hilo, hilo ni shavu la mtu aliyeshiba. Tulikwenda hivyo majuma mengi, wakati saluni haina mtu. Siku moja nililegeza kidogo mstari wa kope la kushoto, nikamgeuzia karatasi. Akaishika kwa mikono miwili.

"Umempatia wapi?" aliuliza.

Nilimchora kwenye mkono wa kulia, upande wa nje, kati ya bega na kiwiko. Ilichukua siku kadhaa kwa sababu umeme ulikuwa unakatika, na pia kwa sababu sikutaka kuichosha ngozi yake. Ulipopona, ule uso ulikuwa unamtazama mtu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Wazee wa kijijini kwao, karibu na hifadhi ya wanyamapori, walipomwona alipokwenda kuwasalimia, bibi mmoja aliyekuwa rafiki wa mama yake, mdogo kwake kwa umri, aliugusa ule mkono akasema shikamoo. Mume wangu akashindwa kuitikia kwa niaba ya marehemu, akalia mbele za watu. Baada ya hapo nilianza kupata wateja kutoka Runazi, kutoka Ngara mjini, hata madereva waliosimamisha malori. Kile kibao cha saluni kilichochorwa kichwa cha mwanamke, niliongeza chini yake: na tatuu.

Mume wangu alikuwa na ndoto moja aliyoizika kabla hatujaoana. Alikulia pembezoni mwa hifadhi. Akiwa kijana alifanya vibarua vya kufyeka njia za kuzuia moto pamoja na askari wa wanyamapori, na tangu hapo alitaka kuwa askari kama wao. Alikuwa anajua nyayo za nyati na za pofu, anajua mnyama amepita lini kwa kutazama majani. Aliomba kazi hiyo zaidi ya mara moja, hakujibiwa, akanunua pikipiki. Alipokuwa ananyoosha mkono nimchore, ndoto hiyo haikuwa inaongelewa tena nyumbani. Mimi sikuikumbuka. Naye, aliniambia baadaye, hakuikumbuka.

Halafu tangazo la kazi za hifadhi likatoka, akaomba tena. Safari hii alijibiwa. Jina lake lilikuwamo miongoni mwa walioitwa kwenye usaili mjini.

Nilimpigia pasi suruali. Tuliamka mapema, tukasali pamoja, nikamfungia viazi na maharage. Tangazo lilikuwa na masharti mengi, na tulikuwa tumeyasoma yale ya elimu, umri na vyeti. Lile linalokataza alama za kuchorwa mwilini lilikuwa chini, katikati ya mengine. Yeye aliliona. Aliniambia, "Hilo ni la watu wenye michoro ya ajabu, fuvu na nyoka. Huyu ni mama yangu." Nilikubali kwa sababu nilitaka kukubali.

Alirudi jioni. Nilikuwa namsuka mteja, mama mmoja wa makamo mwenye haraka ya kwenda msibani. Mume wangu alisimama mlangoni, akamwamkia yule mama, akakaa kwenye benchi. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

"Habari ya huko?" nilimuuliza.

"Nzuri. Tumekimbia uwanja mzima, nimefika na wa kwanza kwanza." Akavua kofia. "Na mkubwa wao amesifu kazi yako."

Mikono yangu ilisimama kwenye nywele za yule mama.

"Amesifu vipi?"

"Tuliambiwa tuvue mashati. Akapita anatukagua, akafika kwangu akasimama. Akaniuliza, huyu nani? Nikamwambia, mama yangu, afande. Yu hai? Nikamwambia hapana. Akanipa pole. Akauliza nani kachora, nikasema mke wangu. Akasema, mwambie mke wako ana mkono, sijaona kitu kama hiki." Akaipangusa ile kofia. "Halafu akaniambia nivae shati niende nyumbani."

Yule mama kwenye kiti akasema taratibu, "Pole, baba." Niliendelea kusuka kwa sababu kichwa cha mtu kilikuwa nusu, na mistari yote ya upande ule ilitoka imepinda.

Hatukugombana. Ingekuwa afadhali tungegombana. Alirudi kwenye bodaboda yake, akawa anavaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Zamani akikaa kupumzika alikuwa na mazoea ya kuupapasa ule mkono, kama mtu anayemtuliza mtoto. Aliacha. Nilipomwambia tuzungumze alisema hakuna cha kuzungumza, kazi ni nyingi duniani. Mimi nilikuwa nachora nyuso za watu wengine mchana, nikirudi nyumbani nakaa na mwanamume anayeuficha uso wa mama yake kwenye shati.

Wakati wa kuvuna maharage nilimchukua mtoto wetu, aliyekuwa bado mdogo, tukaenda Murusagamba kwa mama. Huko nikapata habari kwamba watu wa hifadhi wataajiri tena. Nilimpigia simu kumwambia, kwa upole, kwamba asijali, tutatafuta jambo lingine. Akanijibu, "Ninajua. Usiwe na wasiwasi." Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama sauti ya zamani, na nilifurahi. Niliendelea kupiga maharage na mama.

Niliporudi Nyakahura nilimkuta amelala mchana, jambo ambalo si kawaida yake. Chumba kilikuwa na harufu nisiyoijua, kali, inayochoma pua. Mkono ulikuwa umefungwa kanga yangu, na kanga ilikuwa imeshikamana na nyama. Mwili wake ulikuwa unawaka moto kwa homa.

"Umefanya nini?"

"Maji ya betri," alisema. "Gereji waliniambia yanatoa. Nilidhani nitapaka kidogo tu, nioshe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia."

"Ningekuzuia!"

"Ndiyo maana," alisema, akafumba macho.

Majirani walinisaidia kumpakia kwenye gari. Kwenye kituo cha afya walimsafisha wakatuambia twende hospitali. Hospitalini daktari aliyempokea, binti mdogo kuliko mimi, alifungua ile kanga kwa maji ya chumvi, kipande kwa kipande, akaniuliza mchoro ulikuwa wa nini. Nikamwambia. Akauliza nani aliuchora. Nikasema mimi. Alinipa kiti nikae, na akaendelea kusafisha. Nilikitazama kile kidonda. Maji ya betri yalikuwa yamekula macho, mashavu, kidoti na mdomo. Yalikuwa yameacha kilemba na sehemu ya paji la uso, juu kabisa, mistari yangu ikiwa safi kama siku nilipoipiga.

Alikaa hospitali kitambo. Mama yangu alikuja kutoka Murusagamba kutusaidia na mtoto, akiwa amebeba ndizi na kopo la samli. Alikaa kando ya kitanda cha mkwewe akimpepea nzi. Siku moja mume wangu alimwuliza kama anamwona mjinga.

Mama alifikiri. "Nilipovuka mpaka," alisema, "nilitupa kikapu njiani. Kizito. Ndani kulikuwa na nguo ya mama yangu. Nilitaka kukimbia upesi." Akampepea kidogo. "Hakuna aliyeniita mjinga. Walisema umefika."

Kovu lilipona vibaya. Liliinuka, likawa gumu, linang'aa, na linavuta mkono asiweze kuunyoosha wote. Kwenye usaili ule mwingine hakwenda. Siwezi kusema kama wangempokea. Kovu kama lile nalo lingeulizwa. Kushika usukani wa pikipiki kwa safari ndefu kulimshinda, akauza. Sasa anafuga nyuki, mizinga yake iko kwenye msitu wa kijijini kwao, si mbali na mpaka wa hifadhi. Askari wa doria wanamfahamu, wakipita wanamsimamisha kumwuliza kama ameona nyayo.

Mimi niliifungia mashine kwa muda mrefu. Nilirudi kwayo kwa sababu watu waliendelea kuja na picha zao mikononi, nyingi zikiwa za wafu, na kuwakatalia kulikuwa kazi ngumu kuliko kuwachora. Lakini sichori kama zamani. Kabla sijawasha mashine namwuliza mtu anatafuta kazi gani maishani mwake, ana ndoto gani hata ile aliyoisahau. Wengine wanacheka. Msichana mmoja kutoka Runazi aliyetaka uso wa baba yake alisema anataka kuomba upolisi. Nikamchorea baba yake kwenye karatasi, nikamwambia aiweke fremu. Aliondoka amenuna. Sijui kama hakwenda kwa mchoraji mwingine. Siku hizi tuko wengi, wote tumefundishwa na simu.

Bado naangalia zile video. Yule mzungu amezeeka kidogo, mkono wake umekuwa mwepesi zaidi. Anaonyesha jinsi ya kukaza ngozi, jinsi ya kuweka kivuli, jinsi ya kufunika jeraha jipya na kulipaka mafuta. Siku hizi simu inatafsiri maneno yake chini ya picha, na nimesoma yote. Najaribu kutafuta mahali anapomwuliza mtu aliyekaa kwenye kiti swali lolote lisilohusu maumivu. Sijapapata. Labda kwao hakuna haja.

Mwaka huu tangazo la hifadhi lilitoka tena. Mume wangu alilipata kwenye simu tukiwa tumekaa nje, mimi nachambua mchele, yeye anatengeneza mfuniko wa mzinga. Akaanza kulisoma kwa sauti, kama watu wanavyosoma habari. Elimu. Vyeti. Alipofika kwenye kikomo cha umri alisimama. Alihesabu kimoyomoyo, nikamwona midomo inavyocheza, kisha akanipa ile simu, akachukua mfuniko wake na kamba akaondoka kuelekea kwenye njia ya msituni. Nilipangusa mikono kwenye gauni, nikaendelea kusoma kutoka pale alipoachia, mstari kwa mstari, mpaka chini, penye lile la alama.